Mzigo Haujatua

Nyumba yetu imepigwa picha kuliko bibi harusi yeyote wa mji huu. Imo kwenye kalenda, imo kwenye vikombe, imo kwenye fulana zinazouzwa pale mlangoni mwa forodha. Wageni husimama barabarani, hurudi nyuma kidogo ili dirisha kubwa la juu liingie lote kwenye simu, hutabasamu, huondoka. Sijawahi kumsikia hata mmoja akiuliza nani anakaa nyuma ya dirisha hilo. Alikuwa anakaa baba yangu, upande mmoja umepooza, ndevu zimemfika kifuani, na ufunguo wa dirisha uko mfukoni mwa mtu mwingine.

Nina hasira mpaka leo, na simwombi mtu radhi.

Niseme kwanza nyumba zenyewe zilivyo. Mtaa wetu uko nyuma ya gati. Waliojenga walikuwa wafanyabiashara, na mfanyabiashara hapotezi nafasi bure: chini duka, juu ghala, katikati ngazi nyembamba yenye kona kali, ya kupita mtu mmoja aliyevuta tumbo ndani. Mzigo haukupita kwenye ngazi. Mzigo ulipita dirishani. Juu ya kila dirisha kubwa pamechomoza boriti, na mwisho wa boriti pananing'inia kapi, lile gurudumu la kupitishia kamba. Watu wanasimama chini wanavuta, mzigo unapanda kwa hewa.

Ghala zikafa, familia zikahamia, lakini desturi ilibaki. Kabati la mama lilipita dirishani. Kitanda kilipita dirishani. Mashine yangu ya kushonea maturubai, ambayo ni nzito kuliko deni la kaburi, ilipita dirishani. Hata mimi nilipovunjika mguu utotoni niliteremshwa hivyo hivyo, nimefungwa kwenye kiti, majirani wananiangalia kutoka chini kama mwezi. Sikulia. Kwenye kamba ya baba mtu halii.

Maana baba ndiye aliyekuwa nyapara wa wapandisha mizigo wa mtaa mzima, na mpaka leo hakuna anayemwita kwa jina lingine. Genge lake lilikuwa na maneno matatu tu ya kazi: shika, legeza, umetua. Mengine yote ilikuwa mwiko kuyasema mzigo ukiwa juu. Na lile la tatu alilisema yeye peke yake. Hata kama unaona kwa macho yako sanduku limekalia mawe, limetulia tuli, mikono yako haiachi kamba mpaka Nyapara aseme "umetua". Ukiachia kabla, hakugombezi. Anakutazama tu, na kesho huitwi kazini. Katika miaka yote ya kazi yake hakuna mtu aliyepondwa kwenye kamba ya baba.

Halafu ukaja uhifadhi.

Sikuupinga mwanzoni, nisije nikajifanya mjanja. Watu wa halmashauri walipaka chokaa, wakaziba nyufa za mbele. Nasema za mbele, kwa sababu nyuma, jikoni kwa mama, ufa wa ukuta bado unapitisha mkono. Wakaleta vibao vipya vya madirisha, vizuri kwa kweli, na kila dirisha kubwa wakalitia komeo la chuma na kufuli. Kapi wakalisugua kutu, wakalipaka rangi nyeusi, wakalifunga mnyororo lisizunguke. Duka la chini wakalichukua wao wauzie vikombe vyenye picha yetu. Afisa aliyesimamia yote haya alikuwa mtu mpole, shati limepigwa pasi, anatembea na kadi za rangi akizilinganisha na milango ya watu. Mama akampachika jina: Bwana Rangi. Likashika mtaa mzima siku hiyo hiyo.

Masika yaliyofuata kiharusi kikampiga baba. Kikaondoka na mkono wa kushoto na mguu wa kushoto, na ulimi kikauacha mzito. Muuguzi alipokuja kumwona akaubonyeza ule mguu, akamwambia ausukume, ukasogea kidogo. Akanigeukia, akasema, "Huu mguu unarudi. Lakini haurudi kitandani. Mleteni kliniki ya mazoezi, tena msichelewe, ukikaa sana unasahau kazi yake."

Tukajaribu ngazi. Kifua, rafiki wa baba na mtu wa mbele katika genge lake, alimbeba mgongoni. Kwenye ile kona akateleza. Baba akapasuka paji la uso, Kifua akateguka bega, na mama akakaa kwenye ngazi akalia mpaka mimi nikaogopa. Baba alipofungwa kidonda akasema, neno kwa neno, kama mtu anayetoa mawe mdomoni, "Mgongoni. Sibebwi. Tena."

Basi nikaenda ofisini kwa Bwana Rangi. Ofisi ina feni, ina picha kubwa ya nyumba yetu ukutani.

"Kaka," nikamwambia, "naomba ufunguo wa dirisha letu, na mnyororo utolewe kwenye kapi. Watu wa kumteremsha ninao. Baba anatakiwa kliniki."

"Nakuelewa sana, dada."

"Asante."

"Tatizo ni kwamba lile si dirisha la matumizi. Lile ni kielelezo."

"Kielelezo cha nini?"

"Cha namna mizigo ilivyokuwa ikipandishwa zamani."

"Aliyekuwa anaipandisha si ndiye huyo yuko juu, hawezi kushuka?"

"Nakuelewa sana," akasema tena, na akainamisha kichwa upande kama daktari wa watoto. "Labda mngemhamishia chini."

"Chini mnauza vikombe."

Akapanga kadi zake. Kisha akasema kwa upole ule ule, "Na tafadhali, dada yangu, msije mkalivunja. Unakumbuka yaliyomkuta kinyozi. Mimi sipendi mambo yale yajirudie."

Nilitoka pale bila kuaga. Angenifokea ningemfokea, tungemalizana. Lakini mtu anayekunyima huku anakusikitikia, utamshika wapi?

Yaliyomkuta kinyozi tuliyajua wote. Wembe, ndilo jina lake mtaani, alikuwa na duka lake mkabala na mlango wetu tangu sijazaliwa. Alitoboa tundu ukutani, mbele, apitishe bomba la maji ya moto. Tundu la kuingia kidole. Nyumba zote za mtaa ni mali ya halmashauri, sisi ni wapangaji tu, kwa hiyo ilikuwa barua moja na Wembe akawa nje na mabeseni yake. Kiti chake cha kunyolea hakuruhusiwa kukichukua. Kilikuwa kimekazwa kwa boliti sakafuni, wakasema kilichokazwa sakafuni ni sehemu ya jengo. Kioo pia, kwa misumari. Siku hizi Wembe ananyolea nyuma ya soko, chini ya turubai nililomshonea mimi, mteja amekaa kwenye kreti la soda.

Alikuwa anapanda kwetu kila wiki na kijisanduku chake kumnyoa baba, na kila wiki baba alikataa.

"Nyapara, unafanana na mbuzi," Wembe alimwambia.

"Kitini," baba akasema.

"Kiti changu unajua kiko wapi. Lala hivyo hivyo, nitakunyoa kwa ulaini kama mtoto."

Baba akamtazama kwa lile jicho la kutoita mtu kesho. "Anayenyolewa. Amelala. Ni maiti. Ngoja nife. Sitakubishia."

Kwa hiyo ndevu zikaota. Mchana alikaa kwenye kiti chake cha mikono nyuma ya vibao vya dirisha, mwanga unamwangukia kwa mistari, anachungulia mtaa kupitia upenyo. Aliwaona mafundi wanapaka duka la Wembe rangi. Aliwaona wanaweka kamba nyekundu kuzunguka kiti. Mimi nilikuwa nakanda mguu wake kila asubuhi kabla ya kwenda karakana, na kila juma niliona nguvu yake imepungua kidogo. Alikuwa akiusukuma dhidi ya kiganja changu, kisha ikawa kama anausukuma, kisha nikawa namdanganya kwamba nimehisi.

Siku moja Bwana Rangi akapanda ngazi kwetu mwenyewe. Tulimsikia akihema toka kwenye kona. Akaingia, akaamkia vizuri, akakaa pale mama alipomwonyesha.

"Mzee, mama, dada, nimekuja na habari njema," akasema. "Tunafungua duka la kinyozi wa kale. Mgeni rasmi atakata utepe. Na siku hiyo tutafungua dirisha lenu, tutaonyesha umma namna mzigo ulivyokuwa ukipanda na kushuka. Nimewapata hata wazee waliofanya kazi hiyo. Tunachoomba ni kupita tu hapa chumbani."

Mama akaacha kukunja nguo. Mimi nikamtazama baba. Alikuwa ametulia kabisa.

"Mzigo gani?" baba akauliza.

"Gunia, mzee. Tumelijaza sponji. Kwa usalama."

Baba akacheka. Tangu augue sikuwa nimesikia kicheko chake; kilitoka upande mmoja wa mdomo na kikamtoa mate. Mama akamfuta.

"Nyapara. Nani?"

"Ah, hilo tumelitatua. Tumerekodi sauti, tutaweka spika. Muigizaji mzuri sana."

Kuna hasira inayopanda kichwani na kuna hasira inayoshuka tumboni ikatulia. Ile ilishuka. Nikasikia sauti yangu ikisema kwa adabu, "Karibuni sana, kaka. Dirisha ni lenu." Mama akanikata jicho. Kisha akaendelea kukunja nguo, na nikajua ameshanielewa.

Kifua nilimkuta kwa Wembe, nyuma ya soko, amekaa kwenye kreti na sabuni mashavuni. Naye alikuwa mmoja wa wale wazee waliopatikana na ofisi, na walikuwa wamempa kofia ya maonyesho, kofia ambayo hakuna mpandisha mizigo yeyote aliyewahi kuivaa duniani.

"Siku ile gunia litakuwa zito," nikamwambia.

"Zito kiasi gani?"

"Kama Nyapara."

Wembe aliinua wembe akangoja. Kifua akatazama viganja vyake, akaukunja mkono ule wa bega lililoteguka. "Basi ile kamba yao ya kupendeza wakaanikie nguo," akasema. "Nitakuja na ya kwangu. Waambie Pacha wasinywe usiku wake."

Pacha ni watu wawili ambao hawakuzaliwa hata mtaa mmoja. Waliitwa hivyo kwa sababu walivuta bega kwa bega maisha yao yote.

Nikashona. Turubai zito, la lori, mara mbili, na mikanda ya kupita chini ya kiti cha mikono, mmoja kifuani, mmoja mapajani, yote ikikutana juu kwenye pete moja ya chuma. Nimeshona maturubai ya meli na ya malori, sijawahi kushona kwa chuki kama ile. Kila nilipochoma sindano nilimwona Bwana Rangi ameinamisha kichwa upande.

Siku yenyewe mtaa ulijaa. Viti vyeupe, hema, mgeni rasmi katika suti inayong'aa, utepe umefungwa mlangoni kwa Wembe. Yaani kwa aliyekuwa Wembe. Fundi wa ofisi alipanda kwetu akafungua kufuli, akasukuma vibao, na jua likaingia chumbani lote kwa mpigo. Baba akafumba macho. Akabaki ameyafumba kitambo, uso umegeukia nje. Fundi akafungua mnyororo wa kapi, akamrushia Bwana Rangi chini fungu la funguo, akaacha gunia la sponji karibu na dirisha, mama akamwomba kwa upole akamsaidie kufunga bomba la jikoni linalovuja. Akaenda. Mama akageuza ufunguo wa jikoni nyuma yake.

Tukamfunga baba. Mama alikaza mkanda wa kifua, mimi wa mapaja. Kamba ya Kifua ilikuwa imeshapitishwa kwenye kapi, kulabu ikaingia kwenye pete. Chini spika ikaanza kupiga kelele: "Haya vijana, haya, vuta kwa nguvu zenu zote!"

"Zima," baba akasema.

"ZIMA!" nikapiga kelele dirishani. Kifua akaivuta waya ya spika kwa mguu. Mtaa wote ukainua macho.

"Shika," baba akasema.

Ulimi ule uliokuwa mzito kwa kila neno, kwa hilo ulikuwa safi kabisa. Nikaona kamba inakaza. Kiti kikaacha sakafu. Nikakisukuma kwa mikono yangu miwili, na baba yangu akatoka dirishani, akaning'inia juu ya vichwa vya watu, ndevu zinapeperuka.

"Legeza."

Nilishuka ngazi ile nikijigonga mabega kuta zote mbili. Nilipotoka nje kiti kilikuwa kimefika chini. Karibu. Kati ya miguu ya kiti na mawe ya barabara palibaki nafasi ya kiganja. Baba akainua kidole cha mkono mzima, na kamba ikasimama.

Watu wakapiga makofi. Nakwambia walipiga makofi! Walishangilia, wakapiga miluzi, simu zote juu. Mwanamke mmoja wa kikundi cha wageni alikuwa anafuta machozi kwa furaha. Walidhani ni maonyesho. Baba yangu alikuwa ametoka kifungoni wakaona ni mchezo wa kuigiza.

Bwana Rangi alikuja mbio, tabasamu limeganda usoni. "Vizuri, vizuri sana," akasema kwa sauti ya watu wote, kisha chini chini, "Dada, hii ni nini? Mshusheni mzee, mgeni rasmi anangoja."

"Nyapara hajasema," Kifua akamjibu. Jasho lilikuwa linamtiririka.

"Hajasema nini? Si amefika?"

"Hajasema," wakasema Pacha pamoja.

Bwana Rangi akanitazama mimi. Nikaenda nyuma ya Pacha nikaishika kamba. Ilikuwa ya moto. "Baba hakai chini," nikasema, na sikuificha sauti, "mpaka ufunguo wa dirisha lile uwe mikononi mwetu. Na sio wa leo tu, wa siku zote. Mguu wake unakufa juu kule kwa sababu ya kufuli lako."

"Nakuelewa sana, dada, lakini—"

"Usinielewe! Nipe ufunguo!"

Makofi yakakatika. Baadhi wakashusha simu, wengine wakazisogeza karibu.

"Kesho njooni ofisini," Bwana Rangi akasema. "Tutakaa. Tutaunda kamati."

Kuna mtu nyuma akacheka. Baba alikuwa anaangalia mbele yake, moja kwa moja, mlango wa Wembe. Kamba ikatetemeka, nilisikia kupitia viganja vyangu mikono ya Kifua inachoka, lile bega baya. Baba naye akasikia, maana yeye ndiye aliyekuwa mzigo. Akamgeukia.

"Tuna siku nzima, Nyapara," Kifua akasema. Alikuwa anadanganya, na wote wanne tulijua.

Mgeni rasmi akaja na mkasi mkononi. Nilidhani atauliza mzee ana nini. Akatazama saa. "Mpe huo ufunguo, bwana," akamwambia Bwana Rangi. "Nina shughuli nyingine." Hivyo tu. Haki ya baba yangu ilipita kwa sababu mtu alikuwa na haraka.

Bwana Rangi akatoa fungu la funguo, akachomoa moja, akaunyoosha. Mama, aliyekuwa amesimama mlangoni na kanga begani, akaja akaupokea, akasema asante, akageuka akapanda ngazi. Polepole, kwa magoti yake yanayouma. Sisi kwenye kamba. Tukamsikia juu anahangaika na kufuli. Kisha kichwa chake kikatokea dirishani.

"Sio huu," akasema.

Mtaa ukaguna. Hata wageni wasiojua lugha yetu waliguna.

"Nimechanganya, mama, samahani," Bwana Rangi akasema. "Nitakutupia—"

"Panda mwenyewe," mama akasema.

Akapanda. Tulimsikia anavyojikwaa kwenye kona. Misuli ya mikono ilikuwa inawaka, Pacha mmoja alikuwa anahesabu pumzi kwa sauti ya chini, na mimi nilikuwa namtukana Bwana Rangi kimoyomoyo kwa kila neno nililojifunza gatini. Kufuli likalia. Likafungwa, likafunguliwa tena. Mama akachungulia.

"Ndio wenyewe," akasema, na akauchomeka kifuani mwake.

Baba akateremsha kidole. Tukalegeza. Miguu ya kiti ikagusa mawe, moja, mbili, zote. Hakuna aliyeachia. Baba akatazama kushoto, akatazama kulia, akatikisa kiti kidogo kwa mguu mzima, kama alivyokuwa akitikisa kila sanduku.

"Umetua."

Kifua akakaa chini pale pale barabarani. Mimi viganja vyangu vilikuwa vimechubuka. Na watu wakaanza tena, makofi!

"Msipige makofi!" nikawafokea. "Huyu ni baba yangu!"

Wachache waliacha. Wengine walipiga zaidi.

Baba akanyoosha kidole ng'ambo ya barabara. "Kitini," akasema.

Pacha wakakinyanyua kiti cha mikono na yeye ndani yake, kama walivyowahi kunyanyua meza na makabati. Hawakuzunguka utepe. Walipita nao, ukakatikia kifuani mwa baba, na mgeni rasmi akabaki na mkasi wake. Ndani niliitoa ile kamba nyekundu nikaitupa pembeni. Palikuwa na kibao kimeandikwa "Usiguse". Tukamhamishia baba kwenye kile kiti kilichokazwa sakafuni. Kilitoa mlio ule ule wa zamani. Akakaa, akaweka mkono mbovu juu ya paja kwa mkono mzima, akajitazama kwenye kioo muda mrefu.

"Mbuzi kweli," akasema.

Wembe alikuwa ameshaingia. Alikuwa kwenye umati muda wote na kijisanduku chake kwapani. Akafungua bomba: kavu. Lilikuwa la kuangaliwa. Alitikisa kichwa, na mama akatokea mlangoni na birika la maji ya moto, amelifunika kwa kanga; jikoni alipolitoa ndipo alipomfungulia fundi. Sabuni ikapakwa. Wembe akanoa. Akaanza na shavu lililopooza.

Mlangoni walijazana. Simu juu ya simu, mwanga unamulika kioo, watu wanapanda juu ya miguu ya wenzao wapate kuona uso. Yule mwanamke wa machozi alimshika Bwana Rangi mkono, akamuuliza kupitia mkalimani kama hili huwa linafanyika kila Jumamosi.

Niliuona uso wa Bwana Rangi. Alikuwa ametoka kwenye ngazi zetu na vumbi la chokaa mabegani, ameaibishwa mbele ya wakubwa wake, na sasa ukaanza kung'aa. Akalitazama lile dirisha, akamtazama baba, akaitazama ile foleni ya simu. Nilimwona anavyopanga.

"Inawezekana," akasema. "Nitaongea na familia. Naamini wataelewa sana."

Nikaufunga mlango. Ni mlango mzito, wa mbao za zamani, umehifadhiwa vizuri sana, na niliubamiza mpaka kile kibao cha "Usiguse" kikaanguka. Nikatia komeo kwa ndani. Ndani pakawa kimya, unasikia wembe tu unavyokwangua ndevu.

Wakaanza kugonga. Bwana Rangi akaita "Dada! Dada!" kwa sauti yake ya upole. Wembe akasimamisha mkono, akanitazama, akamtazama baba kwenye kioo. Ile barua iliyomtoa humu alikuwa hajaisahau.

Baba hakufumbua macho. Nusu ya uso ilikuwa tayari safi, na ilikuwa nusu ile iliyopooza, laini, imelegea, ngozi ya mtu ambaye jua halijamgusa siku nyingi.

"Mwambie," akasema, na lilitoka lote kwa pumzi moja, "kinyozi ana mteja."